Ncha Butu Katika Keekee ya Meno

Ncha inayochonga jino ni kijiti cha chuma chenye urefu wa sentimita 2 hivi, ambacho hubanwa kwenye kichwa cha keekee ya daktari wa meno. Kina kichwa kinachokata, shingo nyembamba, na mpini. Mpini wa ncha za kasi kubwa una unene wa milimita 1.6, na turbini inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa huuzungusha kati ya mara 300,000 na 400,000 kwa dakika. Jino si kitu laini cha kukatwa kirahisi. Enameli, ngozi yake ya juu, ndiyo sehemu ngumu kupita zote katika mwili wa binadamu, na kila inapochongwa ncha nayo hupoteza makali kidogo.

Ncha zinazotumika zaidi ni za aina mbili, na kila moja huchakaa kwa namna yake. Ya kwanza ni ya tungsteni kabaidi. Hii ina makali yaliyochongwa kuzunguka kichwa, kwa kawaida 6 au 8, nayo hukata kwa kumega vipande vidogo vidogo. Ndiyo inayofaa kutolea dentini (tabaka lililo chini ya enameli) iliyooza au kuvunja kizibo cha zamani cha madini. Kabaidi ni ngumu sana, lakini ugumu huo umekuja na udhaifu wake: haipindi, inameguka. Kali moja likimeguka, yaliyobaki hubeba mzigo usio sawa, na ncha huanza kurukaruka badala ya kukata.

Ya pili ni ya almasi. Chembe za almasi hugandishwa juu ya chuma kwa tabaka la nikeli, na ncha hukwangua kama msasa. Hapa kuna jambo linalochanganya wengi. Ncha ya almasi iliyokataa kukata huenda haijaisha, imeziba tu. Unga wa jino hujaa katikati ya chembe na kuzifunika, hasa maji yanapokuwa machache. Ikisuguliwa kwa brashi chini ya maji na kukaushwa, kisha ikatazamwa kwa lenzi ya kukuzia, ukweli hujitokeza. Iliyoziba hurudi kuonyesha chembe zake zinazometameta. Iliyoisha huonyesha vipara, yaani mabaka laini ambako chembe zimeng'oka na nikeli imebaki peke yake. Pa kutazama kwanza ni kwenye incha kabisa na kwenye kingo za kichwa, kwa kuwa ndizo zinazogusana zaidi na jino. Ubavu wa ncha unaweza kuonekana mzima kabisa huku incha yake ikiwa haina hata chembe moja.

Hata hivyo, mara nyingi jicho huchelewa. Dalili ya mwanzo hujitokeza mkononi. Tangu turbini ya John Borden ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1957, kukata jino si kazi ya nguvu tena. Ncha yenye makali hutaka kuelekezwa tu. Daktari anapojikuta anaikandamiza keekee, basi ncha imekwisha, au inaelekea huko. Tatizo ni kwamba mkono huzoea. Ncha haifi siku moja. Hupungua polepole, na mkono huongeza nguvu polepole vilevile bila mwenyewe kutambua. Njia nzuri ya kujipima ni kufungua ncha mpya ya umbo lilelile na kuilinganisha na ile ya zamani katika kazi hiyohiyo. Tofauti hiyo hushangaza hata wazoefu.

Sikio nalo husaidia. Turbini ina kasi kubwa lakini haina nguvu nyingi za kusukuma, kwa hiyo ikikandamizwa sauti yake kali hushuka na kuwa nzito, na ikizidi husimama. Mtetemo ulioongezeka ni dalili nyingine, ingawa huo unaweza pia kutokana na mpini uliopinda au beringi zilizochoka ndani ya keekee. Kuubaini mpini uliopinda ni rahisi: ncha safi hubingirishwa juu ya kioo bapa, na iliyopinda huyumba. Hiyo haina mjadala, hutupwa hapohapo, kwani kwa kasi ile inaweza kukatika mdomoni mwa mgonjwa.

Hasara kubwa ya ncha butu ni joto. Ncha isiyokata husugua, na msuguano hupasha jino mpaka kwenye kiini chenye mishipa ya damu na fahamu. Mwaka 1965, watafiti Zach na Cohen walipasha joto meno ya kima na kuona kwamba kiini kilipopanda kwa nyuzijoto 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 ya viini havikupona. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi hawezi kumwonya daktari. Maumivu huja baadaye, nyumbani. Maji yanayorushwa na keekee hupunguza joto hilo, lakini hayawezi kufuta makosa ya ncha iliyokwisha. Harufu ya kuungua ikisikika, kazi inapaswa kusimama.

Je, ncha moja itumike kwa meno mangapi? Hakuna idadi moja inayofaa kwa zote. Kukata kofia moja ya jino ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, kunaweza kuimaliza ncha ya almasi ambayo ingechonga meno kadhaa ya kawaida. Zile zilizowekwa na mtengenezaji alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari ni za mgonjwa mmoja tu, hata kama bado zina makali. Zinazoruhusiwa kurudiwa huchoshwa pia na usafishaji. Kulowekwa kwenye jiki huzila kwa kutu, na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke zikiwa na uchafu huugandisha uchafu huo. Yenye doa la kutu haistahili kurudi kazini.

Ncha iliyokataliwa isirudishwe kwenye droo kusubiri siku ambayo mpya zitaisha, tabia iliyo ya kawaida kuliko inavyokiriwa. Inatupwa kwenye kisanduku kigumu cha sindano na nyembe, kwa sababu hata ikiwa butu kwa jino, bado inaweza kutoboa mfuko wa taka na kidole cha anayeubeba.