Dada Mkubwa wa Nyumbani

Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 11 na 12, mama yake Nabii Musa (a.s.) alimtuma binti yake amfuatie nduguye aliyetiwa mtoni. Binti alimtazama kwa mbali, hali watu wa Firauni hawatambui. Kisha akawaonyesha nyumba ya kumlea. Jina lake halikutajwa.

Chuoni kwangu yuko binti wa namna hiyo. Huwaogesha wadogo zake, huwasikiliza juzuu zao, naye akiitwa asome hutetemeka, huuliza, "Maalim, nimekosea?" kabla hajatamka hata herufi moja. Kwao mdogo akivunja kikombe, hukaripiwa yeye. (Nasi walimu hatuna udhuru, maana humwachia darasa tukitoka.) Juzi nilimwuliza baba yake ni lini alipomshukuru. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza binti amefika sura gani.