Kutoka Kilindini hadi Ngomeni kwa Miguu

Meli ya kitalii ikifunga gati Kilindini asubuhi, abiria wake huwa na saa nane au kumi hivi kabla haijaondoka tena. Nje ya jengo la abiria mabasi huwa yamekwisha panga foleni, safari zao ni Tsavo Mashariki na Shimba Hills, na jua halijawa kali wengi wamekwisha ondoka. Jioni watarudi wamewaona ndovu. Mombasa yenyewe watakuwa wameiona kupitia dirishani, ikipita kwa kasi.

Ni hasara kubwa, kwao na kwa wenyeji. Hapa kuna kisiwa kidogo chenye bandari mbili zilizopeana migongo: Kilindini upande wa magharibi, yenye kina cha kupokea meli kubwa za leo, na Bandari ya Kale upande wa mashariki, iliyopokea majahazi kwa karne nyingi kabla ya meli za chuma. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa kama saa moja, na anayeutembea anarudi nyuma katika historia ya mji hatua kwa hatua. Kwa mtu mwenye siku moja tu, sijui zawadi gani ingekuwa bora kuliko hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 abiria walioshuka Kilindini waliifuata njia hiyo hiyo, ila hawakutembea. Mji ulikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, mgeni akikaa chini ya kivuli cha turubai na vijana wakimsukuma kwa mikono hadi mjini. Leo kazi hiyo ni ya tuktuk. Asiyependa kelele za barabara ya bandarini, au mwenye magoti mabovu, apande tuktuk hadi kwenye Pembe za Ndovu kisha aanzie hapo. Apatane nauli na dereva kabla ya kuondoka.

Pembe hizo, zinazopinda juu ya Moi Avenue, zilisimamishwa miaka ya 1950 kuwakaribisha wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Ni za madini ya alumini, wala hakuna tembo aliyezitoa. Watu hupiga picha, magari hupita chini yake, na mtembezi husonga mbele. Akivuka Digo Road anaingia Nkrumah Road, penye makanisa makuu mawili, la Kianglikana na la Kikatoliki, kisha Treasury Square. Kwenye bustani ya hapo imewekwa sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch nchini India akafungua maduka kuifuata reli hadi Uganda. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Bila yeye na wenzake, vituo vingi vya njiani vingechelewa sana kuwa miji.

Hatua chache mbele ni Ngomeni. Hapa ndipo pa kutulia.

Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitaliano aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Uhispania na Ureno. Kuta zimepandishwa juu ya mwamba wa matumbawe, zikaangalia mlango wa bahari wa kuingilia Bandari ya Kale. Aliyeshika ngome alishika mji, na ndiyo maana iligombewa mno. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na mzingiro ukaendelea hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Merikebu ya Kireno iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wa elimukale waliichunguza katika miaka ya 1970. Baadhi ya vyombo vilivyotolewa humo vimo kwenye makumbusho ya ngome.

Lakini kinachogusa zaidi ni michoro. Askari wa Kireno waliokaa humo, mbali na kwao, walichora ukutani merikebu, watu na samaki, kama afanyavyo kijana yeyote aliyechoka kungoja. Imehifadhiwa, na mtu akiitazama anasahau kidogo wafalme na tarehe zao. Baadaye Waomani waliishi humo, na Waingereza wakaigeuza kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi mwaka 1958. UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wapo wazaliwa wa Mombasa ambao mara ya mwisho kuingia Ngomeni walikuwa na sare za shule; nao wangefaidika kujiunga na wageni hawa.

Kando ya ngome njia zinaanza kujipinda kuingia Mji wa Kale. Ndia Kuu ina nyumba za roshani za mbao na milango ya nakshi, na vichochoro vyake vilifanywa vyembamba ili nyumba zikingiane jua. Saa sita mchana, joto linapochemka kwingine, humu mtu bado anapumua. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, uko kwenye barabara yenye jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani. Mnara wake mweupe, uliochongoka kama koni, si kama minara ya misikiti mipya. Asiye Mwislamu autazame kutoka nje, na anayetaka kupiga picha za watu aombe kwanza. Humu ni majumbani mwa watu: wanawake wanatoka sokoni, watoto wanakwenda chuoni. Mavazi ya ufukweni yabaki melini. Kiongozi mwenye kitambulisho ana faida, kwani anajulikana na jirani zake na milango hufunguka.

Njaa ikiuma, kuna mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na bajia baadaye, na mwuza kahawa na dele lake la shaba, akimimina kahawa chungu ya tangawizi kwenye vikombe vidogo, pamoja na kashata.

Kwenye Bandari ya Kale majahazi yamepungua. Zamani yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, kutoka Uarabuni, Uajemi na India, yamebeba tende na mazulia. Kusi ilipoanza yalirudi na boriti za mikoko. Meli za kitalii nazo huja zaidi miezi ile ile, kuanzia Novemba hadi Aprili, ingawa hazihitaji tanga. Kuna miaka ambayo karibu zitoweke. Mwaka 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit karibu na Somalia, na mwaka 2009 wakaifuata MSC Melody hadi karibu na Shelisheli. Meli zote mbili ziliponyoka, lakini kampuni nyingi ziliiacha njia hii kwa miaka. Walioumia ni waendesha tuktuk, wachongaji na wauza viungo, watu wasiojua lolote juu ya maharamia. Ndiyo maana kila abiria anayetembea mjini badala ya kulala ndani ya basi ni jambo la maana: shilingi zake zinaishia mkononi mwa aliyemuuzia.

Kutoka bandarini, Biashara Street si mbali. Hiyo ndiyo barabara ya leso. Leso huuzwa mbili pamoja, zimeunganishwa, na lazima zikatwe na kupindwa ukingo. Fundi mwenye cherehani barazani huimaliza kazi hiyo mnunuzi akisubiri. Mgeni aulize maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye leso kabla ya kumnunulia mama mkwe. Marikiti, kwenye Langoni Road, ni ya iliki, mdalasini, karafuu na maembe ya msimu.

Halafu saa. Abiria hutakiwa melini angalau nusu saa kabla ya kuondoka, na meli haimsubiri aliyetembea kivyake kama inavyosubiri basi lake yenyewe lililochelewa. Zaidi ya hayo, saa ya melini huenda isilingane na ya mjini, na mwenyeji akisema saa tisa kwa Kiswahili, mgeni anaweza kufikiri bado asubuhi. Ni vyema kuangalia saa ya meli kabla ya kushuka ngazi, kuweka mfukoni kadi ya meli na nakala ya pasipoti kwa ajili ya walinzi wa lango la bandari, na kuanza kurudi muda wa saa mbili nzima kabla ya wakati, kwa sababu msongamano wa magari karibu na Kilindini alasiri hautabiriki.