Lualaba: Kupitisha uongo kwa WhatsApp kunaweza kukufunga miezi sita

Mtu wa Sandoa anayepokea ujumbe wa uongo kwenye kundi la WhatsApp na kuutuma kwenye kundi lingine anaweza kupata adhabu ileile ya yule aliyeuandika. Ndivyo inavyosema sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, iliyotiwa sahihi na Rais Félix Tshisekedi tarehe 13 Machi 2023.

Kifungu cha 360 kinamgusa kila anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao ya kijamii au chombo kingine cha kielektroniki. Adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita na faini ya franka za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au moja kati ya hizo mbili.

Kesi ya namna hiyo si lazima ifike Kinshasa. Makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitano husikilizwa na mahakama ya amani, tribunal de paix.

Sheria yenyewe ina sababu. Mwalimu anayesingiziwa kwamba amekula pesa za wazazi, au mama mzee anayeitwa mchawi katika sauti inayozunguka kwenye simu, anahitaji mahali pa kulalamika. Ugumu unaanza pale inapobidi kuamua kipi ni uongo, na nani aliyekituma.

Jambo hilo lilionekana wazi katika kesi ya Stanis Bujakera, mwandishi wa habari wa Actualité.cd na Jeune Afrique. Alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, baada ya Jeune Afrique kuchapisha makala kuhusu kifo cha waziri wa zamani Chérubin Okende. Makala hayo hayakuwa na jina lake. Mwendesha mashtaka alidai kwamba hati iliyotajwa humo ni ya kughushi na kwamba yeye ndiye aliyeisambaza kwa Telegram. Bujakera alikana.

Mabishano yakageuka kuwa ya kiufundi: je, mtu anaweza kujulikana kuwa mtumaji wa kwanza wa hati inayopita kutoka simu hadi simu? Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 20. Tarehe 18 Machi 2024 mahakama ilitoa miezi sita na faini ya franka milioni moja. Kesho yake Bujakera alitoka gerezani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya muda huo.

Majirani wamepita njia hiyo pia. Nchini Kenya, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, akiona kwamba maneno yake hayaeleweki vya kutosha kumfunga mtu. Nchini Uganda, tarehe 10 Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kwa sababu kama hiyo.

Kongo iko pamoja na nchi hizo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini hukumu za Nairobi na Kampala haziwafungi mahakimu wa Lualaba. Hata hivyo, kifungu cha 162 cha Katiba ya Kongo kinamruhusu mtu yeyote kuishtaki sheria mbele ya Mahakama ya Katiba.

Kwa aliyechafuliwa jina, la kwanza ni kutunza ushahidi kabla haujafutwa: ujumbe, tarehe na namba ya simu iliyoutuma. Kwa anayeitwa na polisi kwa ajili ya ujumbe, Katiba inampa haki ya kusaidiwa na mwanasheria tangu siku ya kuhojiwa. Na kwa mwenye simu mkononi, kusema "na mimi nilitumiwa tu" hakumwondoi katika kifungu cha 360.