Sindano ya farasi na goti la Baba Mkubwa

Newmarket ni mji mdogo mashariki mwa Uingereza, na asubuhi magari husimama kuwapisha farasi wa mbio wanaokwenda mazoezini. Mimi ni nesi katika hospitali ya watu, si mbali na hapo. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea zaidi punda, kwa hiyo farasi hawa nimejifunza ukubwani.

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 500 hivi. Nyuma ya mguu wake wa mbele, chini ya goti, kuna kano ndefu inayofanya kazi kama springi: inavutika mguu unapokanyaga, kisha inarudi. Akikimbia kwa kasi, kano hiyo huvutika karibu na mwisho wa uwezo wake, na ndani yake joto linaweza kufika nyuzi 45. Ndiyo maana huchanika. Ikipona yenyewe huacha kovu gumu, lisilovutika kama kano ya awali, na farasi anaporudi mashindanoni huumia tena, mara nyingi palepale au jirani yake.

Wataalamu wa chuo cha udaktari wa wanyama cha London, Royal Veterinary College, akiwemo Profesa Roger Smith, walijaribu njia nyingine, na taarifa yao ya kwanza ilitoka mwaka 2003. Farasi hupewa dawa ya kumtuliza na ganzi, akiwa amesimama, kisha uboho huchukuliwa kwenye mfupa wa kidari. Maabara huchambua seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, na kuzizalisha kwa wiki mbili tatu mpaka zifike mamilioni. Halafu zinarudishwa kwa farasi yuleyule, kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi hadi kwenye tundu la mchaniko, kabla kovu halijakomaa.

Mwaka 2012 wakachapisha matokeo. Kati ya farasi 105 wa mbio za kuruka vizuizi waliotibiwa hivyo, takriban 26 katika kila 100 waliumia tena. Kwa matibabu ya zamani, idadi iliyokuwa imeripotiwa ilikuwa 56 katika kila 100. Ni tofauti kubwa, nami siibezi. Ila hawakugawa farasi mafungu mawili, hawa wachomwe na wale wasichomwe; walilinganisha na taarifa za nyuma. Na farasi wa mbio tambarare walikuwa 8 tu, nusu yao wakaumia tena.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi kabisa. Baada ya sindano, farasi hapelekwi uwanjani. Anatembezwa kwa mkono, dakika chache kwa siku, zinaongezwa pole pole, huku kano ikipigwa picha mara kwa mara. Inachukua karibu mwaka. Kwa macho ya nesi, hapo ndipo kazi ilipo. Mgonjwa wetu wa goti akiambiwa afanye mazoezi wiki sita, ya pili tu ameshachoka.

Naandika haya kwa sababu ya ujumbe ulioingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Kliniki moja inatangaza sindano ya seli shina kwa magoti, kisukari na kiharusi, yote kwa pamoja, na juu pana picha ya farasi anayekimbia. Binamu yangu aliyeko Muscat alikwisha kuanza kupiga hesabu ya mchango ili Baba Mkubwa asafirishwe kutoka Tanga. "Dada nesi, wewe uko huko wanakotibiwa farasi, unasemaje?"

Nilimjibu kwamba kano ya farasi iliyochanika wiki tatu zilizopita siyo goti la mzee wa miaka 71 lililosagika taratibu, na wala haina uhusiano na sukari. Hata dawa ya kwanza ya seli shina ya wanyama iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, ilipewa kazi moja: farasi wanaochechemea kidogo au kwa wastani kwa sababu ya uvimbe wa viungo. Kwa binadamu, kupandikiza uboho kwa wenye saratani ya damu ni tiba ya miaka mingi na inaokoa maisha. Lakini mwaka 2017 iliripotiwa kwamba wanawake watatu walioingia kliniki moja huko Florida, wakachomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao, walipoteza uwezo wa kuona. Walikuwa wamelipia.

Basi nikampa binamu maswali ya kuwapelekea. Seli ni za nani, na zinatolewa sehemu gani ya mwili? Zinazalishwa maabara ipi, na nani anaikagua? Wagonjwa wa magoti waliochomwa wamelinganishwa na akina nani? Baba Mkubwa akirudi Tanga goti likavimba na homa ikapanda, nani atamhudumia?

Alituma yote manne. Kesho yake wakajibu kwa bei, yenye punguzo la wiki moja.