Hodi ya Mtandaoni Haihitaji Nauli

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hii imegeuzwa siku hizi kuwa kanuni ya mapenzi miongoni mwa vijana wa Thika na Ruiru wanaojuana kupitia programu za uchumba katika simu za mkononi. Kijana asiye na fedha hujiona hana la kusema. Binti naye huambiwa na wenzake kwamba asiyetuma nauli hana nia. Nionavyo mimi, imani hizi zimewatia vijana wetu hasarani, na wakati mwingine hatarini, ilhali matumizi mema ya lugha yangewaepusha na mengi.

Na tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo mlango wa kila urafiki. Mazungumzo mengi ya mtandaoni hufa katika mstari wa pili. Mmoja huandika "Sasa?", mwenzake hujibu "Poa", kisha kimya. Maamkizi ni jozi ya wito na jibu. Jibu likishatolewa, deni limelipwa, na hakuna anayelazimika kuongeza neno. Watu wanaposimama ana kwa ana, mvua, foleni ya matatu au mzigo mkononi huwapa la kuzungumza. Kwenye simu hakuna hata kimoja cha hayo.

Mwaka 1968 mwanasosholojia Emanuel Schegloff, aliyechunguza jinsi Wamarekani wanavyoanza mazungumzo ya simu, alionyesha kwamba amwitaye mwenzake hujitwika wajibu wa kuendelea kusema pindi anapoitikiwa. Waswahili walilijua jambo hili zamani. Abishaye hodi akiulizwa "Nani?" hujitaja, kisha hueleza kilichomleta. Akibisha mara tatu bila kuitikiwa, hurudi alikotoka bila kinyongo.

Huo ndio mtaala mzima wa kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua. Jitambulishe kwa ukweli, taja kilichokuvutia katika maelezo yake, uliza swali moja linalojibika, kisha ungoje. Aliyeandika kwamba anapenda kupanda milima na aulizwe kama amewahi kufika kilele cha Kilimambogo. Asiulizwe kwa nini yu macho usiku wa manane. Asiyejibu na aachwe. Kumwandama kwa matusi ni sawa na kuvunja mlango wa mwenyewe.

Mazungumzo yakishaota mizizi, huja suala la kuonana, na hapo ndipo nauli huzua ugomvi. Kijana wa Thika humtumia binti wa Ruiru pesa kwa M-Pesa, binti haji, kijana hulalama kwamba ameliwa nauli. Hebu tukitazame kitenzi hicho. Kinacholiwa ni mali, na mali ina mwenyewe. Kwa hiyo hata yule binti anayekuja huwasili akiwa mdeni, na mwenyeji wake hujiona ana haki ya kudai. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja ajilipie matatu, wakutane hata Juja, iliyo katikati ya miji hiyo miwili. Hapo hapatakuwa na mla nauli wala mdai.

Wengine hudhani kwamba mahali pa gharama ndogo kabisa ni chumbani kwa mmoja wao, kwa kuwa chumbani hakuna bili. Hoja hiyo ni ya kuogofya. Mnamo Januari 2024 mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa katika nyumba ya kukodi ya muda mfupi huko Roysambu, kando ya barabara hii hii ya Thika. Tarehe 27 mwezi huohuo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Kamwe tusimlaumu aliyeuawa; mwenye hatia ni muuaji. Hata hivyo, tuna wajibu wa kuwaambia walio hai kwamba umaskini si sababu ya kukutana na mgeni nyuma ya mlango uliofungwa.

Mahali pa wazi hapakosekani. Mjini Thika yapo maporomoko ya mto Chania, karibu na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908. Ipo maktaba ya umma. Yapo mahindi ya kuchoma, vipande vya mananasi na vikombe vya chai katika vibanda vya Ruiru na Juja. Yatosha kuandika hivi: "Jumamosi saa nane mchana nitakuwa Thika. Je, ungependa tutazame maporomoko, tunywe chai, kila mtu alipie yake? Saa kumi nitaondoka." Sentensi hizo zimetaja mahali, saa, gharama na mwisho. Asiyependezwa anaweza kukataa bila fedheha, na aliyekubali anaweza kumwarifu rafiki yake aendako.

Walimu wenzangu watasema kwamba haya si ya darasani. Nami sisemi wanafunzi wa shule za upili waanze uchumba. Nasema kwamba isimujamii, yenye alama 10 katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, isiishie kwenye sajili ya hospitali na ya mahakama. Mwanafunzi anayeweza kutaja sifa za lugha ya hakimu, lakini hawezi kutambua ujumbe wa mlaghai, wala kumjibu mtu "La, ahsante" na kukubali kuambiwa hivyo, bado hatujamfunza matumizi ya lugha. Na tumpe ujumbe wa simu auchambue: nani anabisha, anataka nini, na je, amemwachia mwenzake nafasi ya kukataa?