Chogo Limeondoka Mezani, Limekwenda Wapi?

Katika ofisi za umma, Unguja na Pemba, meza ambayo zamani ilibeba sanduku zito la kioo leo imebeba kibao chembamba. Zile skrini za kompyuta ambazo wananchi wenyewe wameziita za chogo, kwa sababu ya kisogo chao kirefu, zimepisha skrini bapa. Mabadiliko haya tunayaunga mkono bila ya kusita. Hata hivyo, liko swali moja ambalo hatuna budi kuliuliza mbele ya wananchi na mbele ya watendaji: lile chogo lililoondoka mezani limekwenda wapi?

Kwanza ni haki kueleza kwa nini mabadiliko yenyewe ni ya maana. Skrini ya chogo ni chupa kubwa ya kioo iliyotolewa hewa ndani yake. Asili yake ni kazi ya mwanasayansi wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, ya mwaka 1897. Ndani ya kisogo mna kifaa kinachorusha elektroni kwa nguvu ya umeme inayoweza kuzidi volti 20,000. Elektroni hizo huupiga unga uliopakwa kwa ndani kwenye uso wa kioo, nao unga huo ukang'aa na kufanya picha. Picha huchorwa upya mara 60 au zaidi katika kila sekunde, na kumetameta huko ndiko kulikoyachosha macho ya makarani wengi.

Skrini bapa hufanya kazi kwa njia nyingine. Nyuma yake pana taa, na mbele ya taa pana fuwele za majimaji ambazo hugeuka zinapopitiwa na umeme, zikaupisha mwanga au zikauzuia, mfano wa vibao vya madirisha ya Mji Mkongwe vinavyofunguliwa na kufungwa. Ajabu ya fuwele hizo iligunduliwa na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888. Ilichukua takriban miaka mia moja kabla ya ugunduzi huo kufika juu ya meza ya karani.

Faida iliyo kubwa kwetu sisi watu wa visiwani ni ya umeme. Skrini ya chogo ya inchi 17 hula kiasi cha wati 80; skrini bapa ya leo ya ukubwa kama huo hutosheka na wati 20 hivi. Ofisi yenye meza 20, ikifanya kazi saa nane kwa siku na siku 22 kwa mwezi, itaokoa zaidi ya uniti 200 kila mwezi, mbali na joto lililopungua chumbani. Hili si jambo dogo kwa watu ambao umeme wao huja kwa waya uliolala chini ya bahari. Wananchi wa Unguja hawajasahau Mei 2008, umeme ulipokatika kwa muda wa karibu mwezi mzima, wala hawajasahau Disemba 2009, ulipokatika tena hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013, lakini funzo lilikwisha kupatikana: umeme ni amana, na kila wati inayookolewa ni akiba ya wote.

Hayo ndiyo mazuri ya kipya. Ama kile cha zamani, hakina budi kutazamwa kwa jicho la hadhari, kwani ndani yake kimebeba sumu. Kioo cha upande wa nyuma wa chogo kimechanganywa na madini ya risasi, na kiasi chake katika skrini moja ya rangi aghalabu hufika kilo moja au zaidi. Risasi hiyo ilitiwa kwa makusudi mema, ya kumkinga mtazamaji na miale ya eksirei inayozalika ndani ya chupa. Maadamu kioo ni kizima, risasi hukaa humo humo. Kioo kinapovunjwa na kuachwa juani na mvuani, vumbi lake na maji yanayokipitia huweza kuitoa nje. Madhara ya risasi hujulikana vyema na matabibu: huudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Na nani anayekivunja? Shingoni mwa chupa mna koili ya waya wa shaba, na shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Skrini ikitupwa, kijana huipiga jiwe, akachukua shaba na kuuacha mzigo wa kioo pale pale. Kijana huyo yumo hatarini mara mbili, kwani chupa isiyo na hewa huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vigae, na umeme mkali huweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ardhi yetu nayo haistahimili mzaha huu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu na mapango, na maji tunayokunywa hutoka zaidi ardhini, katika visima na chemchemi. Kinachomwagwa juu hakina safari ndefu kufika chini. Nchi yenye bara pana huenda ikajidanganya kwamba jaa liko mbali na watu. Kisiwani hakuna mbali.

Zamani vioo hivyo vilikuwa na njia: viliyeyushwa na kufanywa chupa mpya za skrini. Kadiri dunia ilivyohamia kwenye skrini bapa, viwanda vya chogo vilifungwa, na njia hiyo ikazibika. Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, imepata kuona maghala yaliyojaa vioo hivyo yakitelekezwa na wenyewe. Kuvipeleka nchi nyingine si jambo la kupakia chomboni tu, kwani Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka nchi inayopelekewa taka za hatari itoe idhini yake kwanza, na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza taka hizo kuingizwa Afrika.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa wakuu wa idara na mashirika. Kila skrini ya chogo iliyomo ghalani ihesabiwe na kuandikwa kama mali nyingine ya umma. Ihifadhiwe nzima, mahali pakavu penye paa, na isiuzwe mnadani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kiwekwe kituo kimoja cha kukusanyia Unguja na kimoja Pemba, ili mzigo uwe mmoja na uweze kukabidhiwa wenye ujuzi na idhini. Na kila hati ya kununua skrini mpya ioneshe ile ya zamani itakwenda wapi.

Majumbani nako, televisheni ya chogo inayofanya kazi haina haja ya kutupwa. King'amuzi hutosha kuipatia matangazo ya leo. Tukumbuke kwamba Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Kwa hivyo vioo hivi vimo majumbani mwetu tangu zamani.

Wala skrini bapa isidhaniwe kuwa haina dhambi. Zile za mwanzo zina taa nyembamba zenye zebaki, nazo zisivunjwe ovyo. Fauka ya hayo, chogo likiharibika fundi wa mtaani aliweza kulifungua na kulitengeneza. Kioo cha skrini bapa kikipasuka aghalabu hakina dawa. Itunzwe basi: ifutwe kwa kitambaa laini na isibonyezwe kwa vidole.

Visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Waliothubutu hilo hawashindwi na hili. Manufaa ya skrini mpya tumekwisha kuyachukua. Deni lake limo ghalani linasubiri, na dawa ya deni ni kulipa.