SABABU GANI NAVIGATERI ZINGINE ZINASHINDWA?



Kila ordinateri inafika na navigateri tayari ndani yake, ni kusema programu ya kufungulia kurasa za intaneti (wengine wanaiita kivinjari). Kuko zingine za bure, tena nzuri. Sababu gani watu wengi hawazitafute? Tufuate historia kidogo.

Mu mwezi wa 12, 1994, kampuni Netscape ya Marekani ilitoa Navigator, na watu wengi wa intaneti wakaipenda. Mu 1995 Microsoft ikatoa Internet Explorer, halafu ikaitia ndani ya Windows bila kulipisha. Na Windows njo iliyokuwa ndani ya ordinateri karibu zote. Netscape ikaona shida tatu:

1. Kuipata. Ile wakati intaneti ilipita ku waya wa telefone, polepole sana. Kuleta programu moja kuliweza kumaliza saa nzima. Explorer ilikuwa inangojea mtu palepale.

2. Feza. Nani atauzisha kitu kama jirani anakitoa bure? Mu 1998 Netscape nayo ikaacha kulipisha.

3. Wenye kutengeneza kurasa. Wakiona kama wasomaji wengi wako na Explorer, wanajaribu kazi yao ndani ya Explorer tu. Ku navigateri ingine kurasa zinafunguka vibaya, na mtu anasema: «Hii ni mbaya.» Kumbe kosa si lake.

Mwezi wa 5, 1998, serikali ya Marekani ikashitaki Microsoft. Mu 2001 tribinali ya rufaa ikakubali kama ilivunja sheria ya biashara. Lakini Netscape ilikuwa imekwisha kuuzwa tangu 1999.

Wengine watasema: kama ni bure, tunapoteza nini? Tuangalie. Explorer ya 6 ilitoka mu 2001, ya 7 mu 2006. Miaka mitano! Mwenye kushinda alilala, na wezi wa intaneti wakapita mu matundu yake. Aliamka kisha Firefox kutokea mu 2004, nayo ilizaliwa katika programu ambayo Netscape iliachia watu wote mu 1998.

Leo Chrome ya Google inakutwa ndani ya telefone nyingi za Android, na Safari ndani ya iPhone. Maneno ni yaleyale.

Basi, wenzetu, mbele ya kusema kama kitu fulani kinapita vyote, tujiulize kwanza: tulikichagua, ao tulikikuta tu?